UZI: Kabla hujanunua kamera nyingine, tuitafute hitilafu kuanzia lenzi hadi printa (Kisumu, Nakuru na Magharibi)

NyanzaPicha (mwanzishaji):

Wadau, habari za leo. Nafungua uzi huu kwa sababu ujumbe ninaoupata kila mara ni ule ule: "Kaka, kamera yangu imechoka, ninunue gani?" Nikimwomba mwenyewe anitumie picha alizopiga karibuni, mara nyingi naona kamera haina neno. Shida iko kwenye lenzi, au kwenye kadi, au kwenye rangi ya hema, au imejificha mwisho kabisa kwenye printa. Mtu anachukua mkopo wa chama, ananunua bodi mpya (kamera yenyewe bila lenzi), anaenda nayo harusini, na picha zinatoka zile zile. Linaniuma, maana pesa hiyo ingemtengenezea kazi yote.

Uliye na hitilafu, eleza una kamera gani na lenzi gani, ulikuwa wapi, saa ngapi, na picha ilikuwa ya kwenda wapi: simu, albamu au ukuta. Bila hilo la mwisho hakuna anayeweza kukushauri ununue nini. Picha ya inchi 4 kwa 6, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800, yaani zaidi kidogo ya megapikseli 2 (pikseli milioni mbili). A4 ni 2,480 kwa 3,508, karibu megapikseli 9. A3 ni kama 17. Canon 5D Mark II iliyotoka mwaka 2008 ina 21. Anayefanya kazi ya albamu na fremu za sebuleni na huku anazililia megapikseli 45, karatasi yake haitazionyesha.

Kwa anayeanza kazi, pesa yangu ningeipanga hivi: lenzi, flashi, kadi mbili za kuaminika na betri halisi, kisha bodi kwa kinachobaki. Anayepinga aje, nitautetea mpango huu.

MwanaNakuru:

Mimi napinga kidogo, mkubwa. Bodi ya zamani ikiingia ukumbini usiku ni chenga tupu, picha inajaa punje punje. Nina Nikon ya mtumba, napiga picha za kanisa. Picha zangu zina mistari ya giza inayopita katikati, mingine ya manjano manjano. Si sensa hiyo, kile kibati cha ndani kinachopokea mwanga, inakufa?

NyanzaPicha:

La, sensa yako ni nzima. Hizo ni taa. Stima yetu Kenya ni ya hezi 50, na taa nyingi za LED za bei nafuu na zile za mirija huzima na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) inaona. Ukipiga kwa 1/500 ya sekunde unanasa kipande kimoja cha mzunguko huo, ndiyo unapata mistari. Weka kasi ya shata 1/100, au 1/50 kama watu wametulia, kisha piga tena mahali pale pale. Mistari ikiondoka, umepata jibu bila kulipa shilingi. Kamera nyingine zina chaguo la kupunguza tatizo hilo kwenye menyu, liwashe.

Kuhusu chenga uko sahihi kwa sehemu. Bodi mpya huvumilia ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya juu zaidi. Lakini hesabu mwenyewe: lenzi inayokuja na kamera, ile 18-55, ukiivuta mwisho inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi huingiza mwanga zaidi). Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi ya hapo. Ulipokuwa ukihitaji ISO 6400, sasa unahitaji kama 640. Bodi gani ya bei yako itakupa nafuu ya namna hiyo?

Kwa watu wa Nikon kuna mtego hapa. Msinunue 50mm f/1.8D ya zamani kwa sababu ni rahisi, halafu mkaifunga kwenye D3500 au D5600. Kamera hizo hazina mota ya fokasi ndani yake, kwa hiyo utabaki kuzungusha kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake ndani ya lenzi. D7200 ina mota, hiyo itaziendesha zote mbili.

FundiKibuye:

Naongeza hapo. Mimi hurekebisha vifaa, na kazi inayoletwa kwangu kama "kamera imekufa" mara nyingi ni viunganishi vichafu. Kwenye Canon ukiona Err 01, kamera inakwambia haielewani na lenzi. Zima, toa lenzi, futa zile pini za dhahabu kwa kitambaa safi kikavu kisichoacha nyuzi, rudisha, jaribu. Halafu jaribu na lenzi nyingine. Ikifanya kazi na lenzi ya jirani, bodi yako haina kosa, usiruhusu mtu aifungue.

Ujanja mwingine ni huu: lenzi ikikataa unapofunga tundu lake la kupitisha mwanga lakini inakubali ukiweka namba ya f ndogo kabisa, mara nyingi utepe wa umeme wa lile tundu umekatika ndani. Hilo ni la fundi, na uulize bei kwanza, kwa sababu kwa lenzi ya 18-55 unaweza kupata nyingine ya mtumba kwa pesa hiyo hiyo.

Nikon ikiandika fEE, wala si ugonjwa. Lenzi ya zamani ina pete ya kuzungusha, ipeleke kwenye namba kubwa kabisa na uifunge hapo.

NdegeWaKakamega:

Shikamooni wakubwa. Mimi hupiga ndege katika msitu wa Kakamega. Picha zangu zimeanza kuwa na ukungu, hasa nikielekea jua. Nimesafisha kioo cha mbele mpaka nimechoka. Na mle msituni ni giza hata saa sita mchana, kwa hiyo sijui kama ni mwanga au ni lenzi.

NyanzaPicha:

Marahaba. Chukua tochi ya simu, fungua lenzi hadi mwisho, mulika kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele, kwa pembe. Ukiona vitu kama nyuzi nyembamba zinazotawanyika kutoka ukingoni kuja katikati, hiyo ni kuvu, na iko ndani, kwa hiyo kitambaa chako hakitaifikia milele. Vumbi huonekana kama nukta tu, na nukta chache hazidhuru picha.

Kuvu ni adui mkubwa wa sisi tunaoishi kando ya ziwa na ninyi wa huko kwenye mvua. Inapenda unyevu, giza na hewa iliyotulia, na hayo yote matatu yako ndani ya begi la kamera lililowekwa chini ya kitanda. Ikikaa muda mrefu hutoa asidi inayokula ile rangi ya kinga juu ya kioo, na hapo hata fundi akiisafisha alama hubaki. Ipeleke mapema. Itenge na lenzi zako nyingine.

Kinga haina gharama kubwa. Nunua kopo la plastiki la kuhifadhia chakula, lenye mfuniko unaobana kwa mpira. Weka vipakiti vya silika, vile vinavyobadilika rangi vikishiba maji, na kipima unyevu kidogo. Lengo ni asilimia 40 hadi 50. Silika ikibadilika rangi, ikaushe ovenini kwa moto mdogo au ununue nyingine. Kuna watu wanaweka mchele. Acheni, mchele una unga na unga unaingia kwenye lenzi. Na kamera ikitoka kwenye mvua isiingie koponi siku hiyo, iache mezani ikauke kwanza.

Kuhusu giza la msituni, hapo lenzi ndefu ya f/6.3 itakutesa hata iwe safi. Kaa kwenye ukingo wa njia au mahali mti ulipoanguka ukafungua anga, umsubiri ndege aje kwenye mwanga. Wale mbega weusi na weupe nao hupenda kuota jua asubuhi juu ya matawi.

MwanaNakuru:

Sisi huku shida ni vumbi, si kuvu. Mtu akienda mbugani Ziwa Nakuru kiangazi, au akipita Kariandusi kwenye machimbo ya ile dayatomaiti nyeupe, anarudi na nukta kwenye kila picha ya anga. Na ule mpango wako wa mistari umefanya kazi, 1/100 imenyoosha. Shukrani sana.

NyanzaPicha:

Safi. Kupima vumbi la sensa: weka f/16, ISO ya chini, toa fokasi, elekeza kwenye anga tupu au ukuta mweupe, na usogeze kamera kidogo wakati shata iko wazi. Vitu vya ukutani vitafutika, nukta za sensa zitabaki pale pale. Ondoa kwa pampu ya mpira ya kupulizia, kamera ikiangalia chini. Usipulize kwa mdomo, mate yakikauka juu ya sensa ni kazi nyingine. Na ndani ya gari la mbugani lenye paa wazi usibadilishe lenzi.

DadaWaHarusi:

Naomba msaada wa rangi. Harusi zetu huku Bungoma ni za hema. Hema la buluu, bwana harusi anatoka kama mgonjwa. Hema la kijani, hata keki ni kijani. Nikirekebisha ngozi, gauni linaharibika. Nimeambiwa ninunue kamera ya fremu kamili, yenye sensa kubwa.

NyanzaPicha:

Dada, usinunue kwa sababu hiyo. Fremu kamili ya milimita 36 kwa 24 itakuletea hema la buluu lile lile, kwa pikseli nyingi zaidi. Jua linapita kwenye kitambaa, linachukua rangi yake, linamwagika juu ya watu. Wakati huo huo pembeni kunaingia mwanga mweupe wa nje. Uso mmoja una mianga miwili ya rangi tofauti, na kitufe cha kurekebisha rangi hurekebisha mmoja tu. Ndiyo maana gauni linakataa ngozi ikikubali.

Dawa ya kwanza ni miguu. Wasogeze maharusi hadi ukingo wa hema, wakiangalia nje, wewe ukiwa nje. Hapo mwanga mweupe unawapiga usoni na rangi ya hema inabaki mgongoni. Ya pili ni flashi, iwe na nguvu ya kushinda mwanga wa hema, lakini usiielekeze juu ikagonge kitambaa, itarudi na rangi ile ile. Ielekeze moja kwa moja kupitia kisanduku kidogo cha kitambaa cha kulainisha mwanga. Ya tatu, na hii ndiyo bora, zungumza na familia mapema wakodi hema jeupe. Wakionyeshwa picha mbili kwa simu wanakubali haraka sana.

Piga RAW pia, lile faili ghafi la kamera. JPEG ikishabeba rangi hiyo, nafasi ya kuirudisha ni ndogo.

Na mwanga: mita ya kamera hudhani kila kitu ni cha kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaa fremu, itatia giza na uso utapotea. Pandisha fidia ya mwanga, kisha uangalie ile grafu ya mwanga kwenye kamera, usiamini kioo cha nyuma ukiwa juani.

FundiKibuye:

Kabla hatujasahau flashi. Anayetaka kununua Canon 250D ya mwaka 2019 ajue kwamba pale juu pa kuchomeka flashi hapana ile pini kubwa ya katikati. Flashi za Canon zenyewe zinafanya kazi, lakini flashi na trigga (vifaa vya kuwasha flashi kwa mbali) nyingi za bei nafuu hutegemea pini hiyo kuwaka. Nenda dukani na kamera yako, chomeka, piga, ndipo ulipe. Na picha ikiwa na utepe mweusi upande mmoja flashi ikiwaka, shusha shata hadi 1/200 au chini yake.

Mwalimu_Maseno:

Kadi za memori je? Kuna mtu aliuziwa ya GB 128 mtaani, picha za mahafali zikafunguka nusu, nusu kijivu.

NyanzaPicha:

Kadi bandia, Mwalimu. Ndani ina GB chache, imedanganywa ijitangaze kubwa. Ikijaa kile kilichopo inaandika juu ya picha za zamani. Ukinunua kadi, kabla haijagusa kazi, ijaribu kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux. Zote ni za bure. Zinajaza kadi yote kisha zinasoma tena zikilinganisha. Huchukua muda mrefu. Iache usiku, kama stima ina utulivu.

Picha zikifutika kwa bahati mbaya kwenye kadi halisi, acha kupiga papo hapo, toa kadi, tumia PhotoRec kwenye kompyuta. Ni ya bure pia. Kila picha mpya unayopiga inaweza kukalia nafasi ya ya zamani.

Mahafali hapo Maseno ni karibu na mstari wa ikweta, jua la saa sita liko utosini na macho yanakuwa mashimo meusi. Wapelekeni chini ya mwembe, na nyuma yao pasiwe uwanja unaong'aa.

MamaStudio:

Mwanangu, haya yote ni mazuri, lakini mimi shida yangu ni printa. Nina kibanda cha picha. Picha kwenye laptopu ni nzuri, ikitoka kwenye karatasi ni nyekundu na ni giza. Wiki hii nilichapa picha ya mzee wa watu ya matanga mara tatu, familia ikisubiri mlangoni. Wino umekwisha na nimeaibika. Ninunue printa gani?

NyanzaPicha:

Pole sana, mama. Usinunue bado. Fuata mfuatano huu, na usiruke, kwa sababu kila kuruka kunakula wino.

Anza na jaribio la nozeli (vitundu vya kutoa wino), lile linalochapa mistari ya rangi. Mstari wa rangi moja ukikatika, hiyo rangi haipo kwenye picha zako: samawati ikikosekana, nyuso zinaelekea wekundu. Safisha hedi (kichwa kinachonyunyiza wino) mara moja, chapa jaribio tena. Bado? Safisha mara ya pili, kisha iache printa ipumzike usiku kucha kabla ya kujaribu tena. Kuna watu wanabonyeza kusafisha mara kumi mfululizo. Wino wote huo unaenda kwenye sponji ya taka ndani ya mashine, na sponji ikihesabiwa imejaa printa inagoma kabisa. Wapo wanaorudisha hesabu kwa programu bila kubadilisha sponji. Ipo siku wino utamwagika mezani.

Mistari ikiwa mizima, nenda kwenye mipangilio. Umeweka karatasi ya kung'aa huku kompyuta ikiwa imeambiwa ni karatasi ya kawaida? Hilo peke yake linaharibu rangi, maana printa hupima wino kwa aina ya karatasi. Kisha uangalie nani anasimamia rangi. Programu ya picha ikisimamia na printa nayo ikisimamia, rangi inarekebishwa mara mbili na nyuso zinaungua. Chagua mmoja, mwingine umzime. Picha yenyewe ihifadhi kwa sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi.

Giza linatokana na laptopu. Kioo chako kimewekwa mwanga wa juu kabisa kwa sababu ya jua la kibandani, unaona picha ina mwanga, kumbe haina. Shusha mwanga wa kioo hadi karatasi nyeupe iliyo kando yake ifanane nacho. Halafu, usichape A4 kwa majaribio. Kata kipande cha karatasi ile ile, chapa uso peke yake kwa ukubwa wa kiganja, kisogeze nje mlangoni ukitazame kwa mwanga wa mchana. Kikikubali, ndipo A4.

Sasa hiyo ya matanga, nataka nikae hapo kidogo, kwa maana ni kazi isiyo na nafasi ya pili. Familia huleta picha kupitia WhatsApp, imeshabanwa, tena imepigwa skrini. Waulize kwa upole ni simu ya nani iliyoipiga. Mwenye simu aitume kama hati, si kama picha, au uichukue kwa waya. Hapo unaweza kupata pikseli nyingi zaidi mara kadhaa. Kama hakuna ila ile ya pikseli 900 kwa 1,200, A4 itakuwa na nukta kama 105 kwa inchi. Ndani ya fremu, ikitazamwa kutoka hatua chache, inapita. A3 usikubali, waeleze kwa nini, na wengi wanashukuru.

Wakileta picha ya karatasi ya zamani, usiipige kwa flashi, itang'aa katikati. Ilaze mezani karibu na dirisha lisilo na jua la moja kwa moja, weka karatasi nyeupe upande wa pili irudishe mwanga, kamera juu yake sambamba kabisa. Ukiona pembe nne za picha ziko sawa kwenye kioo, piga. Mikunjo midogo unaweza kuifuta. Kovu la mzee usilifute, watoto wake wanamjua nalo.

Na picha hiyo itasimama juu ya jeneza, nje, na mvua ya alasiri ya huku tunaijua. Wino wa kawaida wa rangi ukilowa unachuruzika. Iweke nyuma ya kioo au ilaminetiwe. Vile vitabu vya wasifu wa marehemu vichape kwa leza, unga wake umeyeyushwa kwa joto na haumwagiki na maji. Ila leza usiichomeke kwenye UPS ndogo (betri ya akiba ya stima), inavuta umeme mwingi inapopasha.

MamaStudio:

Mungu akubariki. Jaribio la nozeli: samawati imekatika sehemu mbili. Na karatasi ilikuwa imeandikwa ya kawaida. Sasa, nikipata pesa, ni printa ipi? Kazi yangu ni pasipoti, kadi za 4 kwa 6, na A4 za fremu.

NyanzaPicha:

Kwa kazi hiyo, mama, printa ya tangi la wino yenye rangi sita, kama Epson L8050. Zile za rangi nne kama L3250 ni nzuri kwa ofisi na zinachapa picha, lakini rangi sita zina samawati nyepesi na majenta nyepesi, na hizo ndizo zinazolainisha ngozi mahali kivuli kinapoingia kwenye shavu. Canon G2010 nayo ina wino mweusi wa pigimenti, mzuri kwa maandishi. Kwenye karatasi ya kung'aa weusi hutengenezwa kwa rangi nyingine tatu, kwa hiyo nywele na suti hazina kina kile.

Ukiona pasipoti ndiyo inayokulisha zaidi, fikiria Canon SELPHY CP1500 pembeni. Inachapa ukubwa wa kadi tu, lakini inatoka kavu, haizibi hata ukiiacha mwezi, na utepe wake huuzwa pamoja na karatasi kwa idadi ile ile, kwa hiyo unajua kila picha imekugharimu ngapi. Za milimita 35 kwa 45, zile za viza za Ulaya, zinaingia nane kwenye kadi moja. Viza ya Marekani ni 51 kwa 51, usiwape za Ulaya.

Ya wino ichape kitu chenye rangi zote angalau mara moja kwa wiki, hata kama hakuna mteja. Izime kwa kitufe chake, usichomoe ukutani, maana hedi hujifunika yenyewe inapozimwa vizuri. Stima ikipotea ghafla, ikirudi iwashe na uizime vizuri.

Kwa sasa safisha mara moja, subiri hadi asubuhi, kisha utuwekee hapa picha ya jaribio la nozeli tuione.